Kilomita 78 kwa asubuhi nne: uzi wa Dopey ya Florida, karibuni na maswali

Bi Mwendopole (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kule kwenye uzi wa Kili, ile marathoni ya Moshi, kuna mjumbe kasema mbio za wikiendi nzima ni utalii wa wenye hela. Nikamwambia ana haki nusu, na hiyo nusu nyingine inataka uzi wake. Ndiyo huu.

Nipo Atlanta, kazi yangu ya usiku, natunza wazee. Si mkimbiaji wa kutisha. Nusu marathoni inanichukua saa mbili na dakika arobaini na kitu, kwa hiyo anayetaka siri ya spidi amtafute Simbu, bingwa wetu wa marathoni.

Disney World, zile bustani za burudani pale karibu na Orlando, kila Januari wana wikiendi ya marathoni. Alhamisi kilomita 5, Ijumaa 10, Jumamosi 21, Jumapili 42. Ruhusa kujiandikisha moja tu ukaishia hapo. Kuna wanaochukua ya Jumamosi na ya Jumapili, hiyo wanaiita Goofy, ipo tangu 2006. Halafu kuna sisi tusiosikia la mkuu, tunabeba zote nne. Hiyo ndiyo Dopey, ilianza 2014. Jumla maili 48.6, yaani kilomita 78 na ushee. Ukizimaliza zote ndani ya muda unaondoka na medali sita: nne za mbio zenyewe, ya tano ya Goofy kwa kuwa mbili zake umeshazikimbia, ya sita ya Dopey.

Mtu akisikia 78 anaangalia miguu yake. Miguu ina dawa, ni mazoezi. Kinachowamaliza watu kule ni usingizi.

Mbio zinaanza saa kumi na moja alfajiri, siku zote nne. Zinaanzia upande wa EPCOT, moja ya bustani hizo, barabara za kwenda huko zinafungwa mapema, na mabasi ya hotelini yanaanza kubeba watu kwenye saa tisa usiku. Maana yake unaamka saa nane, au nane na nusu kama umelala na nguo za mbio mwilini. Alhamisi hivyo, Ijumaa hivyo, Jumamosi hivyo, halafu Jumapili ndiyo unaambiwa sasa kimbia marathoni. Aliyezoea kulala saa nne usiku anafika Jumapili akiwa na saa kumi na sita za usingizi kwa siku nne. Nimeona baba wa watu kasinzia wima, kaegemea uzio, ndizi iliyomenywa nusu ipo mkononi na pini ya namba imefunguka inaning'inia. Hapo ilikuwa Jumamosi, marathoni bado.

Mchana nao una fitina zake. Umekuja Disney, umeleta watoto, tiketi umelipia, nani atakaa hotelini kanyanyua miguu ukutani? Kwa hiyo mtu anamaliza kilomita 10 saa moja asubuhi, saa nne yuko kwenye foleni ya bembea, jioni anasubiri fataki. Kutembea kwenye zile bustani kunaweza kukufikisha kilomita 15 bila kujua, na hizo hazina medali.

Mimi ninavyoona, miguu ni mshahara. Ukiutapanya Alhamisi kwa sababu kilomita 5 ni fupi na vijana wanakupita, Jumapili utakopa kwa nani? Alhamisi na Ijumaa ninakwenda mwendo wa kuzungumza na mtu. Jumamosi polepole zaidi. Kasi yangu ya kawaida ninairuhusu Jumapili tu, kama bado ipo.

Muda wa mwisho ni dakika 16 kwa maili, kwa vipimo vyetu chini kidogo ya dakika 10 kwa kilomita. Nusu marathoni ni kama saa tatu na nusu, marathoni kama saa saba. Nyuma kabisa wanakuja akina mama maarufu wenye maputo, wanatembea kwa mwendo huo huo bila huruma na bila haraka. Wakikupita na ukabaki nyuma, kuna basi. Ukipandishwa basi kwenye moja ya zile nne, ya Dopey umeikosa, unabaki na medali za zile ulizomaliza. Jambo la kujua ni kwamba hao akina mama wanaanza na kundi la mwisho. Watu wanaachiwa kwa makundi, kila kundi na fataki zake, kwa hiyo aliye kundi la mbele ana akiba ya muda mrefu kabla maputo hayajaanza hata kusogea. Ndiyo maana ukiwa na matokeo ya mbio nyingine yapeleke wakati wa kujiandikisha, yanakusogeza mbele.

Sasa raha zake. Unatoka kwenye barabara kuu yenye giza, miti kushoto na kulia, huoni kitu zaidi ya migongo ya watu. Ghafla unaingia mtaa wa bustani ya Magic Kingdom, taa kila dirisha, watu wamejaa pembeni wanapiga kelele kama kuna mkutano wa kampeni, na ngome ile iko mbele yako unapita katikati yake. Njiani wahusika wa katuni wamesimama na mpiga picha, wakimbiaji wanapanga foleni. Ndiyo, foleni, katikati ya mbio. Kuna wanaoacha marathoni kwa muda, wanapanda treni ya kasi ya Everest kule Animal Kingdom, wanashuka, wanaendelea kukimbia. Kuna wanaopata bia EPCOT zikiwa zimebaki kilomita chache.

Ulizeni.

---

Mtaalamu wa Siti

Nimechukua siti ya mbele, dirishani. Uzi bila picha ya medali ni hadithi ya sungura.

---

Kijiti cha Ubungo

Kilomita 78 ni zaidi ya Posta hadi Bagamoyo. Mwambie dada yetu aje nimpeleke bure, na katikati kuna mishikaki. Gharama za huko zikoje? Taja namba, usizunguke.

---

Bi Mwendopole

Kijiti, kujiandikisha Dopey peke yake kumeshavuka dola 600. Hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu ya kwetu kabla hujala wala kulala. Ukijiondoa hurudishiwi, na namba yako huruhusiwi kumpa shemeji akukimbilie. Hapo juu weka hoteli, na tiketi za bustani kama unazitaka, kwa sababu za mbio hazikuingizi bustanini siku nzima. Mimi nakwenda na gari kutoka Atlanta, nalala hoteli za nje ya Disney na nabeba kile kijungu cha umeme cha kupikia wali. Aliye nje ya Disney hana yale mabasi, anaendesha mwenyewe usiku na kugombea maegesho. Kuokoa hela kule kunalipwa kwa usingizi, na nimeshasema usingizi ndio nini.

---

Mzalendo42

Haya ndiyo niliyosema kule kwenye uzi wa Kili. Milioni moja na nusu ili upige picha na panya aliyevaa kaptula. Mtu anayesimama foleni kupiga picha katikati ya mbio hashindani. Comrades kule Afrika Kusini, Durban na Pietermaritzburg, wanakimbia karibu kilomita 90 kwa siku MOJA. Hao ndio niwavulie kofia.

---

Bi Mwendopole

Mzalendo, wavulie, hata mimi nawavulia. Ila ni vitu viwili tofauti. Wa Comrades anajichoma mara moja, akimaliza analala siku tatu. Wa Dopey anatakiwa apoe na awake, apoe na awake, na kila akiwaka mafuta hayajajaa. Maumivu ya misuli hayaji siku ile ile, kilele chake ni kati ya saa 24 na 72 baada ya kukimbia. Hesabu mwenyewe: uzembe wa Ijumaa unakutana nao Jumapili, na wa Jumamosi umeshafika pia.

Kuhusu kushindana, kweli, wengi hatushindani. Sijaona ubaya. Hata wale elfu kadhaa wa Kili ukiwatoa ishirini wa mbele, waliobaki wanashindana na nani?

---

Jirani wa Eldoret

Habari za huko Bongo na ughaibuni. Mimi swali moja. Mbona sijawahi kusikia Mkenya ameshinda hiyo ya Disney? Hapa kwetu Iten ukitupa jiwe unampiga mtu wa saa mbili na dakika kumi. Wangemaliza hizo zote nne asubuhi moja na wapike chai.

---

Bi Mwendopole

Jirani, jibu ni fupi: hakuna zawadi ya pesa. Boston bingwa amekuwa akipewa dola 150,000. Disney bingwa anapewa makofi. Mwanariadha anayeishi kwa miguu yake ana marathoni mbili au tatu za nguvu kwa mwaka, ya bure ataiweka wapi? Aliyeitawala kwa miaka ni Mbrazili, Adriano Bastos, ameshinda marathoni ya Disney mara nane.

---

Jirani wa Eldoret

Sawa nimeelewa, basi tumewaachia. Na mpelekee salamu Simbu, ile ya Tokyo Septemba 2025 tuliona. Sekunde 0.03 na yule Mjerumani, kidogo moyo unitoke na hata si timu yangu.

---

Mzalendo42

Jirani leo umeongea. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia, na bado kuna watu hapa wanajadili foleni ya picha.

---

Konda Mstaafu

Mzalendo tulia, siti zipo nyingi. Dada Mwendopole, mimi nina miaka 58, nakimbia na klabu ya jogingi Temeke kila Jumamosi, kilomita 10 hadi 15. Binti yangu yuko Houston anasema "baba njoo". Hiyo Dopey naiweza, au ndiyo mtanirudisha kwenye mzigo wa ndege?

---

Bi Mwendopole

Shikamoo mzee Konda. Unaiweza, ukijipa zaidi ya miezi sita. Na wewe wa kutoka Dar una kitu ambacho sisi wa hapa hatuna.

Januari Florida iko nyuma ya Dar kwa saa nane. Saa nane usiku ya kule, wakati mimi nalia na kengele ya simu, mwili wako unajua ni saa nne asubuhi. Utaamka mwenyewe, macho makavu. Mbio zinaanza saa saba mchana ya Temeke. Na jioni saa kumi na mbili, wakati watoto wa watu wanapanga kwenda kwenye fataki, kwako ni saa nane ya usiku mzito, utalala hata kwenye kiti. Hilo tatizo linalowaua wenyeji, wewe unashuka nalo likiwa limetatuliwa.

Kwa hiyo usikubali binti akuite wiki mbili kabla "uzoee". Mwili unasogea kama saa moja kwa siku, ukizoea umejiharibia. Kuchukua namba kunaanza Jumatano. Fika Orlando Jumatatu au Jumanne, kula kwa saa za nyumbani kadiri unavyoweza, kaa mbali na taa kali jioni. Kumtembelea Houston kuwe baada ya mbio. Tahadhari moja: safari ya ndege ni ndefu, miguu inavimba, simama utembee humo ndani, na siku unayofika usikimbie.

---

Kijiti cha Ubungo

Aisee hii ya masaa ni nondo. Kumbe kuchelewa kwa jua kwao ndiyo ushindi wetu.

---

Konda Mstaafu

Marahaba mwanangu. Na mazoezi yenyewe nayapangaje? Klabu yetu ni Jumamosi tu, katikati ya wiki kila mtu na riziki yake.

---

Bi Mwendopole

Mzee, nianze na mtindo. Kuna Jeff Galloway, alikimbia mita 10,000 Olimpiki ya Munich 1972, baadaye akawa mshauri wa mazoezi wa hizi mbio za Disney. Yeye alieneza kukimbia na kutembea kwa kupishana tangu hatua ya kwanza, usingoje uchoke. Kwa mfano unakimbia sekunde 60, unatembea 30, mpaka mwisho. Wakimbiaji wa klabu watakucheka Jumamosi ya kwanza. Mimi walinicheka. Lakini misuli inapata nafuu kabla haijadai, na kwa mtu anayetakiwa kuamka kesho akimbie tena, hiyo nafuu ndiyo kila kitu.

Cha pili ni kuzoeza mwili kukimbia ukiwa umechoka. Sizungumzii kukimbia kila siku, hapana. Wiki nyingi ni za kawaida, mara mbili katikati ya wiki kwa nusu saa hadi dakika 45, na moja ndefu. Kila baada ya wiki mbili tatu unaweka siku mbili mfululizo, mfano Jumamosi kilomita 8 za kutembea kwa nguvu, Jumapili 20. Zinaongezeka taratibu. Karibu mwezi mmoja kabla ya Januari unafanya igizo la siku zote nne, ila zimepunguzwa: 5, 8, 16, halafu ndefu ya 32 hivi. Usifanye 42 kwenye igizo, huna wa kumwonyesha.

Mimi hufanyia kwenye Silver Comet, ni reli ya zamani waliyong'oa wakaweka lami, inatoka pembeni ya Atlanta mpaka mpaka wa Alabama, karibu kilomita 100, tambarare. Natoka kazini saa moja asubuhi nimechoka tayari, ninaingia hapo moja kwa moja. Wenzangu wanasema ninajitesa. Hiyo ndiyo hali nitakayokuwa nayo Jumapili ile, bora nikutane nayo mapema.

---

Tabibu Kimya

Nimekuwa nasoma tu, ila hapa niseme jambo. Kwenye mbio za siku mfululizo watu wanameza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi kabla ya kuanza, "ili goti lisilie". Acheni. Ukikimbia saa nyingi damu inayokwenda kwenye figo inapungua, maji mwilini yanapungua, ukiongeza na hizo dawa figo zinaumia. Goti linalohitaji dawa ili likimbie Ijumaa linakuambia usikimbie Jumapili.

La pili, maji. Wengi wanaogopa kukaukiwa, wanakunywa kila kituo hata bila kiu. Wakimbiaji wa polepole ndio wako hatarini zaidi, maana wanakaa barabarani saa sita saba wakinywa. Chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, wenzake wanadhani kakosa maji wanamwongezea! Boston ya 2002 walipima wakimbiaji waliomaliza, asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu. Kunywa kwa kiu. Ukimaliza mbio una uzito zaidi ya ulioanza nao, kuna tatizo.

---

Bi Mwendopole

Tabibu asante. Hii ningeomba kila anayesoma aishike.

---

Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum. Mimi nipo Maskati, huku kiangazi tunakimbia usiku wa manane, mchana hapakimbiliki. Mke wangu ataka kwenda hiyo, yeye avaa hijabu na nguo ndefu. Hatoonekana kituko? Na joto la Florida lamtosha?

---

Bi Mwendopole

Waalaykum salaam kaka. Kituko? Pale kuna wanaume wenye ndevu waliovaa gauni la binti mfalme na mabawa. Mkeo ndiye atakayeonekana kavaa kiheshima kuliko wote. Wenye hijabu wapo, hakuna anayegeuka.

Hali ya hewa ndiyo kigeugeu. Kuna Januari inakaribia kuganda alfajiri, kuna Januari unatoka jasho ukiwa umesimama. Wikiendi moja inaweza kukupa vyote viwili. Mwaka 2017 nusu marathoni ya Jumamosi ilifutwa kabisa kwa sababu ya radi, watu wakakimbia mizunguko kwenye maegesho ya hoteli zao wafikishe hesabu yao, na kesho yake marathoni ikakimbiwa kwenye baridi kali. Kwa hiyo abebe nguo za aina zote. Kule kwenye kundi la kuanzia unaweza kusimama saa nzima na zaidi bila kusogea, hapo ndipo baridi inapokukamata. Sisi tunavaa sweta kuukuu la mtumba juu ya nguo za mbio, na mfuko mkubwa wa taka uliotobolewa kichwa na mikono kama kuna mvua. Ukianza kukimbia unalivua na kulitupa pembeni, zile nguo hukusanywa zikatolewa msaada.

Nguo ndefu zinasugua. Apake mafuta ya mgando kwapani, mapajani, mgongoni panapokaa mshono wa sidiria, na kila kidole cha mguu. Siku nne mfululizo mchubuko mdogo wa Alhamisi unakuwa kidonda. Na abebe raba pea mbili apishanishe. Raba iliyolowa Ijumaa haikauki vizuri hotelini mpaka Jumamosi saa nane usiku, hata ukiijaza magazeti.

---

Mpemba wa Maskati

Allah akubariki. Nimemsomea, acheka hapo kwenye gauni.

---

Mbeba Boksi wa Edinburgh

Huku Uskochi tuna yetu mwishoni mwa Mei, ya siku mbili. Jumamosi 5 na 10, Jumapili nusu na kamili, marathoni inamalizikia Musselburgh pembeni ya bahari. Ila nusu na kamili ni siku moja kwa hiyo huwezi kubeba zote. Mimi nilichukua 10 ya Jumamosi na 21 ya Jumapili, upepo wa baharini ukanifundisha adabu. Kwa wanaoona 78 ni nyingi, anzieni na mpango wa namna hii, siku mbili, muone mwili unasemaje.

Unakula nini kabla, dada? Mimi saa hizo za usiku tumbo linakataa kila kitu.

---

Bi Mwendopole

Boksi, uji. Ninaupika jioni kabla ya kulala, wa ulezi, mwepesi, sukari na chumvi kidogo, unaingia kwenye chupa ya chai. Saa tisa usiku bado wa moto, unaunywa bila kutafuna, tumbo halina cha kukataa. Ndizi moja nabeba mfukoni. Chakula kikubwa ni mchana, wali na viazi vitamu, saa saba au nane, maana ukila saa moja jioni na kulala hapo hapo utakutana nacho njiani, na vile vyoo vya plastiki vina foleni ndefu kuliko ya Mickey. Maharage mpaka Jumapili mchana, samahani.

---

Mtaalamu wa Siti

"Foleni ndefu kuliko ya Mickey" nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia.

---

Binti Mweka

Naomba kuuliza kitu kingine. Viza sina, milioni sina, lakini nimeshikwa na hili wazo. Kili ni Jumapili. Nikijifanyia mwenyewe hapa Moshi: Alhamisi 5, Ijumaa 10, Jumamosi 21, halafu Jumapili nikakimbia Kili 42 rasmi. Tupo watatu tumeshakubaliana. Jumamosi tulifikiria tupande Mweka na kushuka, ndiyo njia tuliyoizoea. Unaonaje?

---

Mzalendo42

Haya sasa ndiyo mambo! Nikiwa na nauli nakuja.

---

Bi Mwendopole

Binti, wazo limenipendeza kuliko uzi wangu. Ila Jumamosi msiguse Mweka.

Florida ni meza. Milima yao ni madaraja ya barabara kuu tu. Kili inakupeleka kwanza upande wa barabara ya Dar, halafu nusu ya pili ndiyo unapandishwa Mweka, na ukishapanda lazima ushuke. Mteremko ndio mbaya zaidi kwa misuli ya mapaja, kwa sababu inakaza huku inavutwa, inachanika kwa ndani kidogo kidogo. Mkishuka Mweka Jumamosi, Jumapili mtakuwa mnashuka kinyumenyume kama watu wa ngazi. Nendeni barabara ya TPC, kule kwenye kiwanda cha sukari, tambarare, na mwendo uwe wa kutembea na kukimbia. Anzeni alfajiri kabisa kabla jua la Februari halijaamka, mkimaliza mlale mchana. Kuchukua namba za Kili mkamilishe mapema, msije mkasimama foleni Jumamosi mchana juani baada ya kukimbia 21.

Na kwa wengine wanaowaza Florida: anza na viza. Usajili hufunguliwa miezi mingi kabla na hela hairudi, na masharti ya viza ya Marekani yamekuwa yakibadilika. Ulizia ubalozini kwanza ujue umesimama wapi, ndipo utoe dola.

---

Konda Mstaafu

Binti Mweka, mnahitaji mtu wa nne? Hiyo nauli ninayo. Ya Houston binti yangu atasubiri mwaka mmoja.

---

Binti Mweka

Karibu sana baba. Alhamisi saa kumi na mbili kasoro asubuhi, tunaanzia geti la Chuo cha Ushirika. Uje na raba mbili kama dada alivyosema, na uji sisi tutapika.

---

Kijiti cha Ubungo

Na mishikaki?

---

Binti Mweka

Jumapili mchana.